Kufungua kwa Kubana: Pete Ndogo za Mihimili na Vitenzi Vyake

Ukimwambia kijana anayejifunza kazi gerejini "fungua ile pete", bado hujamwambia afanye nini. Ikiwa pete imeuvaa mhimili kwa nje, itambidi aitanue ili itoke. Ikiwa imekaa ndani ya tundu, itambidi aibane. Akitanua iliyopaswa kubanwa, ataikandamiza zaidi katika mfuo wake, atapinda masikio yake au kuyavunja, na kipande cha chuma cha springi kinaweza kumrukia jichoni. Amri ilikuwa Kiswahili safi. Tatizo ni kwamba ilitaja matokeo yanayotakiwa, ikanyamaza kuhusu mwendo wa mkono.

Makala hii ina kazi mbili. Kwanza inaeleza, kwa msomaji ambaye hajawahi kushika koleo, jinsi pete hizi zinavyotambuliwa na kutolewa. Pili inaonyesha kwamba ugumu wa kuzieleza kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno. Unatokana na sisi kutochagua kitenzi kinachofaa. Wengi wetu tutaitwa siku moja kutafsiri vitabu vya mafunzo ya ufundi kutoka Kifaransa, na hapo neno lililokosewa huharibu mashine au mwili wa mtu.

Kazi ya pete

Mhimili ni chuma cha mviringo kinachobeba gia, gurudumu au rola. Katika gereji zetu huitwa pia akse, na upande wa Kenya na Tanzania husikika shafti. Kitu kilichovishwa mhimili hakitulii. Mtikisiko, mzigo na mzunguko wenyewe hukisogeza kidogo kidogo hadi kitoke pembeni. Fundi anaweza kukizuia kwa kukata hesi mwishoni mwa mhimili na kukaza nati, au kwa kutoboa mhimili na kupitisha pini. Njia nyepesi zaidi ni kuchonga mfuo mwembamba kuuzunguka mhimili, kisha kuweka humo pete ya chuma cha springi.

Pete hiyo haifungi duara lote: ina pengo. Pengo ndilo linaloiruhusu itanuke au isinyae kwa kitambo, halafu irudi katika umbo lake na kuushika mfuo. Sehemu inayobaki nje ya mfuo huwa ukuta mdogo ambao gia haiwezi kuupita. Pete za namna hii zimo katika sanduku la gia, katika pampu, ndani ya pistoni, na katika rola za mashine za fotokopi zinazotuchapia kazi zetu za masomo.

Tuangalie vipimo, maana ndivyo vinavyoonyesha kwa nini kazi hii haitaki pupa. Kwa kanuni ya Kijerumani iitwayo DIN 471, inayofuatwa katika nchi nyingi, mhimili wa kipenyo cha mm 10 huvishwa pete yenye unene wa mm 1, na mfuo wake huwa na kipenyo cha mm 9.6. Maana yake pete inazama mm 0.2 tu kila upande. Kwa mhimili wa mm 20, mfuo ni wa mm 19, yaani kina cha nusu milimita. Kina hicho kidogo ndicho kinachozuia gia isitembee. Pete iliyotanuliwa kupita kiasi haikai tena chini ya mfuo, na mfuo uliojaa uchafu hauipokei hata ikiwa mpya.

Majina yametoka wapi

Lugha zimeipa pete hii majina kwa kutazama mambo tofauti. Kifaransa kina "anneau élastique", jina linalotaja sifa ya chuma, na "anneau d'arrêt", linalotaja kazi. Wajerumani wengi husema "Seegerring", kutokana na jina la mtengenezaji, Seeger. Pete ndogo yenye meno matatu ya ndani hupewa jina la herufi E katika lugha nyingi, kwa sababu ya umbo lake. Na mafundi wanaosema Kiingereza wana jina la utani: huiita klipu ya Yesu. Inapochomoka ghafla na kupotea chini ya meza, fundi hujikuta akiliita jina la Bwana kabla hajafikiri.

Jina linalosikika zaidi gerejini kwetu ni sirklipsi, kutoka Kifaransa "circlips". Neno hili lina historia ndogo inayotuhusu. Kifaransa kililichukua kutoka Kiingereza pamoja na "s" ya wingi, kisha kikalifanya umoja: mtu husema "un circlips". Sisi tukalipokea likiwa na s hiyo iliyokufa, tukaliongezea irabu mwishoni, tukaliweka katika ngeli ya N: sirklipsi hii, sirklipsi hizi. Soksi na chipsi zilipita njia hiyohiyo ya wingi wa kigeni kugeuka umoja wa Kiswahili. Sirklipsi, basi, ni neno halali kama soksi. Kasoro yake ni nyingine: halisemi kama pete ni ya nje au ya ndani, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mkono unahitaji kujua.

Maswali manne ya kutambua

Kabla ya kugusa chombo chochote, fundi mzuri husafisha mahali pale kwa kitambaa na mafuta mepesi, kisha hutazama. Maswali manne yanatosha.

La kwanza: pete imevaa au imevaliwa? Ikiwa imeuzunguka mhimili, ni pete ya nje. Ikiwa imezungukwa na ukuta wa tundu, ni pete ya ndani. Mara nyingi masikio husaidia kujibu. Katika pete ya nje ya kawaida masikio hutokeza kuelekea nje, mbali na mhimili. Katika pete ya ndani huelekea katikati ya tundu.

La pili: ina masikio yenye matundu? Masikio ni zile ncha mbili pana kando ya pengo, kila moja ikiwa na tundu dogo la kupokea ncha ya koleo. Yakiwepo, koleo la pete linahitajika. Yasipokuwepo, huenda una pete ya waya, kama zile zinazoshika pini ya pistoni, au kibanio cha E.

La tatu: iliingia kwa njia gani? Pete yenye masikio huingia kutoka mwisho wa mhimili au kutoka mdomo wa tundu na kuteleza hadi kwenye mfuo. Kibanio cha E hakipiti mwisho wa mhimili. Huingia kutoka ubavuni, kama mtu anavyolikumbatia nguzo. Dalili yake ni pengo kubwa upande mmoja na meno matatu yanayougusa mhimili.

La nne: kuna mfuo? Zipo pete za meno zinazosukumwa tu juu ya mhimili laini, meno yake yakauma chuma. Hizo hazina mfuo wala pengo la kufungulia. Kwa kawaida huharibika zinapotolewa, kwa hiyo fundi hatafuti njia ya kuziokoa: huzikata na kuweka mpya.

Jambo moja kuhusu namba, kwa sababu nalo ni suala la maana. Pete ya nje ya namba 10 ni ya mhimili wa mm 10. Lakini kibanio cha E cha namba 5, kwa kanuni ya DIN 6799, si cha mhimili wa mm 5. Namba yake inataja kipenyo cha mfuo, na kibanio chenyewe huvishwa mihimili ya mm 6 hadi 8. Namba mbili zinafanana kwa sura, lakini kila moja inapima kitu kingine. Anayekwenda dukani akiwa na namba bila jina la aina anaweza kurudi na pete isiyofaa.

Jinsi ya kutoa kila aina

Kanuni ya kwanza haina aina: linda macho. Pete ni springi iliyokunjwa, na koleo likiteleza huruka bila kuaga. Vaa miwani ya kazi. Funika mahali pale kwa kitambaa, au fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ili pete ikiruka ibaki humo.

Pete ya nje yenye masikio. Ingiza ncha za koleo la pete za nje katika matundu mawili. Ukikaza mpini, ncha hutengana. Tanua kiasi cha kuitoa pete mfuoni tu, kisha itelezeshe kuelekea mwisho wa mhimili. Usitanue zaidi ya hapo. Pete iliyopita kikomo chake cha kunyumbuka hairudi.

Pete ya ndani yenye masikio. Hapa koleo ni la aina ya pili: ukikaza mpini, ncha hukaribiana. Bana pete hadi iachane na mfuo, ivute nje ikiwa imebanwa, na usiachie mpini kabla haijatoka kabisa katika mdomo wa tundu. Makoleo mengine hubadilishwa ncha au mhimili wao mdogo ili yafanye kazi zote mbili. Yajaribu hewani kwanza uone yanafungua au yanafunga.

Kibanio cha E. Koleo la ncha halihitajiki. Weka bisibisi bapa upande wa pengo, kati ya mhimili na kibanio, kisha izungushe taratibu ili imsukume mkumbatiaji arudi nyuma. Weka kidole au kitambaa upande wa pili. Hiki ndicho kinachoruka mbali kuliko vyote.

Pete ya waya ya pini ya pistoni. Ni ya ndani na haina masikio. Pistoni nyingi zina kijishimo kando ya mfuo. Ingiza humo chombo chenye ncha, inua mwisho mmoja wa waya, na uushike kwa koleo jembamba. Kabla ya hapo ziba kwa kitambaa mdomo wa injini ulio chini ya pistoni, kwa sababu pete ikianguka humo, kazi ya dakika chache inageuka kuwa kazi ya kuishusha injini nzima. Pete hii ikitolewa hairudishwi: huwekwa mpya, na pengo lake lisielekezwe kwenye kile kijishimo.

Kibanio cha mnyororo wa pikipiki. Hiki hakikai juu ya mhimili mkubwa. Kinashika pini mbili ndogo za pingili inayounganisha mnyororo, lakini ni wa ukoo uleule. Umbo lake ni kama samaki: upande mmoja umefungika, wa pili uko wazi kama mkia. Ili kukitoa, weka taya moja ya koleo kwenye pini iliyo karibu na mkia na taya ya pili kwenye mwisho wa mkia, kisha kaza: kibanio huteleza na kutoka. Wakati wa kukirudisha, upande uliofungika ndio utangulie katika mwelekeo ambao mnyororo hukimbilia pikipiki inapokwenda mbele. Ukiugeuza, kila kitu kinachogusa mnyororo kinaweza kuusukuma mkia wazi na kukichomoa kibanio. Mnyororo unaokatika katika mwendo unaweza kufunga gurudumu la nyuma, na juu ya pikipiki ya kazi huwa kuna watu wawili au zaidi.

Kuhusu kurudisha pete kwa jumla, mambo mawili. Pete nyingi hukatwa kwa mashine ya kugonga, kwa hiyo upande mmoja una ukingo mkali na wa pili una ukingo ulioviringika kidogo. Upande wa mviringo hutazama kitu kinachozuiwa, na ukingo mkali hutazama ng'ambo, ukiegemea ukuta wa mfuo unaopokea mzigo. Na pete ikishawekwa, ijaribu kwa ncha ya bisibisi. Ikicheza ovyo mfuoni imechoka, itupwe. Waya wa kufungia au msumari uliokunjwa si mbadala, maana chuma laini hakina nguvu ya kurudi. Hukaa mfuoni kwa kubahatisha, na mzigo wa kwanza mkubwa hukitoa.

Mahali ambapo kauli ya kutendua inakwama

Sasa turudi kwenye kitenzi. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, kina kiambishi cha kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, chomeka, chomoa, pachika, pachua, fukia, fukua. Ndugu zetu wa Kikongo wana kanga na kangula, kufunga na kufungua. Katika Kiswahili cha Lubumbashi bado husikika fungula, yenye l ambayo Kiswahili cha pwani kimeidondosha. Ni chombo kizuri cha ufundi: kila tendo la kuunga lina pacha wake wa kuungua, na mwanafunzi akijua moja amejua la pili. Nati hukazwa, hulegezwa. Pini huchomekwa, huchomolewa. Mkono unakwenda upande mmoja, kisha unarudi upande wa pili.

Pete zenye masikio zinavunja utaratibu huo. Pete ya nje hutanuliwa ili itoke. Na ili irudi? Hutanuliwa tena. Pete ya ndani hubanwa ili itoke, na hubanwa ili irudi. Kutoa na kurudisha ni tendo lilelile la mkono. Kinachotofautiana ni upande ambao pete inatelezeshwa. Kwa hiyo jozi ya funga na fungua haiwezi kuuongoza mkono. Tena katika pete ya ndani inaupotosha, kwa sababu ili "kufungua" lazima "ufunge" pengo.

Kibanio cha E na kibanio cha mnyororo, kwa upande wao, vinaifuata jozi vizuri. Vinasukumwa kuingia, vinasukumwa kinyume kutoka: pachika na pachua zinavifaa kabisa. Hivyo tuna kipimo cha kisarufi kinacholingana na kipimo cha fundi. Pete inayoingia kutoka mwisho wa mhimili au mdomo wa tundu, ikinyumbuliwa kwa koleo, inakataa jozi ya kutendua. Kibanio kinachosukumwa kutoka ubavuni kinaikubali. Mwanaisimu na fundi wamefika kwenye mgawanyo uleule, kila mmoja kwa njia yake.

Haimaanishi kwamba fungua ni neno baya. Katika mazungumzo ya watu wawili walioinama juu ya injini moja, kidole kinaonyesha na macho yanajaza kilichobaki. Kitabu hakina kidole. Maandishi yanapoondoka gerejini na kumfikia msomaji aliye peke yake, lazima kitenzi kibebe kile ambacho kidole kilikuwa kinabeba.

Pendekezo la istilahi

Tunapendekeza majina yanayotaja mahali au umbo, na kila jina liambatane na kitenzi chake:

Pete ya nje, au sirklipsi ya nje: hutanuliwa, kwa kutoa na kwa kurudisha.

Pete ya ndani, au sirklipsi ya ndani: hubanwa, kwa kutoa na kwa kurudisha.

Kibanio cha E: hupachikwa na kupachuliwa kutoka ubavuni.

Pete ya waya: huinuliwa mwisho mmoja na kuchomolewa, haitumiki mara ya pili.

Kibanio cha mnyororo: hutelezeshwa, upande uliofungika hutangulia.

Pete ya meno isiyo na mfuo: husukumwa kuingia, hukatwa kutoka.

Majina haya hayamfukuzi mtu aliyezoea sirklipsi. Yanaongeza neno moja, nje au ndani, na neno hilo moja ndilo linalomwambia kijana achague koleo lipi. Kwa wenzetu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo katika istilahi au tafsiri, hapa kuna uwanja mpana: hesi, nati, beringi, breki, vyote vina vitenzi ambavyo bado havijaorodheshwa kwa utaratibu. Njia tunayoshauri ni kwenda gerejini na daftari lenye safu mbili: katika moja andika anachosema fundi, katika nyingine andika mkono wake ulikwenda wapi. Pale ambapo safu hizo mbili hazikubaliani, ndipo mtafsiri aanze kazi yake.